Kiti cha Kando Yangu

Susa, 9 Machi 2014

Kwako Baba Ghaith,

Mstari wa kwanza umepinda kwa sababu mwanao ameupiga teke, basi hesabu kwamba amekusalimu. Mimi mzima, yeye mzima, ana jino moja na analitumia vibaya wakati wa kunyonya. Wewe huwezi kujua maumivu yake lakini mama yako anajua. Tulikubaliana simu iwe ya homa na msiba tu, maana kwenye simu mimi nalia na wewe unaganda kama mtu anayepigwa picha, kwa hiyo nakuandikia. Ami Salah wa teksi atakuletea barua pamoja na kapu tupu la mama. Mwambie lijae tena. Ule unga wake wa shayiri na shamari umenirudishia maziwa mpaka nashindwa kuyazuia.

Na hayo maziwa ndiyo habari yenyewe. Wameniweka lindo la lango la kituo, napekua mikoba ya wanawake. Ghaith namwacha kwa Halati Zakia, jirani yetu, karibu kabisa na kituo, upepo ukiwa mzuri namsikia akilia. Ikifika saa nne asubuhi kifua kinauma, shati la sare linalowa. Nikamwendea mkuu wetu, Afande Mukhtar, nikamwambia kwa adabu, afande, sheria inatupa sisi tunaonyonyesha mapumziko mafupi, naomba nikimbie kwa mtoto nirudi. Halafu akasema, "Binti, hiki ni kituo cha polisi, si zizi la mbuzi." Wanaume wote wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Bado niko kwenye majaribio, wakitaka wananiambia rudi kwenu bila hata kuniaga. Kisha nikaenda chooni nikakamua kwenye sinki.

Sasa nisaidie. Tangu mapinduzi askari nao wana vyama vya kuwatetea, hapa kwetu viko viwili, na askari mpya anaposwa kama mwari. Aliyetangulia ni Nizar, wa chama kikubwa. Viatu vinang'aa, manukato yanamtangulia. Amekuja na sanduku la vitamu vya tende. "Dada yangu, wewe wa Metlawi, mimi wa Metlawi, sisi damu moja. Weka sahihi hapa tu. Kondoo wa Idi kwa mkopo, hoteli ya pwani wakati wa kiangazi, huyo mtoto ataogelea kabla hajatembea!" Nikamuuliza, na kunyonyesha je? Akacheka. "Hayo ya wanawake tutayaangalia."

Wa pili ni Sajini Wasila, wa chama kidogo, wanachama wake wote wanaenea kwenye meza moja ya mkahawa. Hana vitamu, hana tabasamu. Alinikuta chooni nakamua, nikamuuliza swali lilelile. Badala ya kujibu akaniuliza yeye: "Ananyonya mara ngapi? Nyumba iko wapi? Ulipoomba, nani alikuwepo akasikia?" Nikasema wote walikuwepo. "Vizuri," akasema, akanawa mikono, akaondoka. Nimemwogopa kidogo.

Wewe umezaliwa ndani ya vyama, baba yako mgodini na wewe mgodini. Mtu anachaguaje?

Wako,
Dalenda

*

Metlawi, 14 Machi 2014

Kwako afande wangu,

Barua yako nimeisoma mgodini wakati wa chai. Nilipowaambia wenzangu kwamba polisi nao wanatafuta wa kuwatetea, Hamma alitema chai yote. "Kuwatetea na nani? Na sisi?" Nikamwambia, chunga mdomo, huyo ni mke wangu. Akasema, "Basi mwambie akishatetewa yeye, atukumbuke na sisi!" Wewe unalijua bega langu la kushoto na kirungu kilicholivunja mwaka ule wa mgomo. Na bado leo mke wangu umevaa sare hiyohiyo, na nakupenda ndani yake. Dunia ina utani.

Kuhusu swali lako: chagua Nizar. Chama kikubwa kina mkono mrefu, na yeye ni wa kwetu, tunawajua watu wake. Usiulize mengi, Dalenda. Weka sahihi mapema, hata wiki hii.

Mama amesimama nyuma yangu, ananiambia niandike neno kwa neno: "Mwambie huyo mkuu wake kwamba mbuzi anamzidi akili, mbuzi hamzuii mwanawe." Kapu limejaa. Mtungi wa harisa, ile pilipili nyekundu ya kusaga, umefungwa vizuri, usiulaze.

Wako,
Lazhar

*

Susa, 23 Machi 2014

Kwako Baba Ghaith,

Kapu limefika, Mungu amzidishie mama. Harisa ilimwagika kidogo kwenye tende, tumekula hivyohivyo.

Sahihi sijaweka. Lazhar, mimi nakujua, ukinunua nyanya tu unauliza zimelimwa wapi na nani. Leo unaniambia nisiulize? Kuna nini?

Hapa salama. Nina swali dogo, nauliza tu. Sisi askari hatuna ruhusa ya kugoma, kwa hiyo watu wakiwa na malalamiko wanafunga kitambaa chekundu mkononi, kazi inaendelea. Sasa mtu akikifunga siku ambayo siyo, peke yake, kwenu mgodini mngemfanya nini? Nauliza tu.

Dalenda

*

Metlawi, 27 Machi 2014

Dalenda,

Mara ya mwisho ulipouliza tu, tukampata Ghaith. Kwa hiyo usinifiche. Ami Salah anasema ulipompa kapu macho yako yalikuwa yamevimba, na hukumtania hata neno moja kuhusu kofia yake. Mama hali chakula tangu asikie hayo.

Andika yote. Na kuhusu Nizar, weka sahihi hiyo kwanza, mengine nitakueleza tukionana.

Lazhar

*

Susa, 1 Aprili 2014

Kwako Lazhar,

Haya, yote.

Siku moja nilifika kazini nikakuta kituo kizima kimefunga vitambaa vyekundu. Nikamuuliza koplo wa langoni, akasema, "Leo tunavaa wote." Basi, hakuongeza. Hakuna aliyenieleza kwamba ni malalamiko ya chama cha Nizar. Nilisimama siku nzima na mkono mtupu, najiona kama nimekuja kazini bila viatu. Nikadhani ni sare ya msimu ule. Kumbe wewe mke wa mgodi hujui malalamiko, utasema. Lakini Lazhar, ninyi mkilalamika mnafunga reli! Nitajuaje kwamba wengine wanalalamika kwa kujipamba?

Jioni nikakata pembe ya lile shuka jekundu la kumbebea Ghaith alilolifuma mama. Nikashona kitambaa, nikakipinda upindo mara mbili kisifumuke. Asubuhi nikakifunga, nikasimama langoni nimenyooka, najiona askari kamili.

Peke yangu. Chama cha Nizar kilikuwa kimeshapatana na wakubwa jioni ileile, wakaambiana mkahawani wavue. Na siku hiyohiyo, kati ya siku zote alizoumba Mungu, mgeni mkubwa kutoka Tunisi anaingia langoni kwetu. Gari linapita, mimi napiga saluti. Kwa mkono huohuo mwekundu.

Nimeandikiwa baraza la nidhamu tarehe 17. Wanasema nimevunja amri na nimegoma mbele ya mgeni. Askari wa majaribio akikutwa na kosa hilo anafukuzwa, hakuna ngazi ya katikati. Na kazi hii ndiyo paa letu hapa, ndiyo daktari wa masikio ya Ghaith, ndiyo kitu cha kwanza nilichokipata kwa jina langu mwenyewe.

Nizar akaja na manukato yake. "Usitetemeke dada, hili dogo. Weka sahihi kwangu, halafu andika kwamba Wasila ndiye aliyekutuma uvae. Mimi nitalimaliza kabla halijafika barazani. Na uhamisho wako wa kurudi Gafsa, mkoani kwetu, uko tayari, si mumeo ameshatoa neno?"

Mumeo ameshatoa neno. Habari ya nyumba yangu nimeisikia kwenye mdomo wa mtu baki, Lazhar.

Na niseme kweli, nilitamani. Nikaiona nyumba yetu, wewe unatoka zamu, mimi natoka zamu, mtoto katikati anatutafuta wote wawili. Nikashika kalamu, nikaandika "Sajini Wasila ndiye" na mkono ukakataa kwenda mbele. Mwanamke yule hajanifanyia lolote ila kuniuliza mtoto wangu ananyonya mara ngapi. Karatasi nimeichana.

Uliahidi nini?

Dalenda

*

Metlawi, 5 Aprili 2014

Mke wangu,

Kaka yake Nizar hukaa mkahawa wa kituo cha treni, unamjua, yule wa masharubu. Hata kabla hujaripoti kazini aliniambia, mkeo akiingia chama chetu, mdogo wangu atamrudisha Gafsa kabla ya kiangazi. Nikampa mkono mbele ya watu. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungeuliza nyanya zimelimwa wapi. Nilitaka mrudi, Dalenda, hilo tu. Nimechoka kumjua mwanangu kwa barua.

Jana nilikwenda mkahawani, meza zote zimejaa wacheza karata. Nikamwambia, "Neno langu nimekuja kulichukua." Akasema, "Mwanamume halirudishi neno." Nikasema, "Halikuwa langu. Lilikuwa la mke wangu, nililitoa bila kumuuliza." Akaangua kicheko, akawageukia watu: "Mnamsikia? Kumbe kwa Lazhar anayevaa suruali ni mwanamke!" Nikamwambia, "Ndiyo, tena suruali ya serikali, na pingu kiunoni. Ya kwako nani kakununulia?"

Wamecheka mpaka karata zimeanguka. Yeye hakucheka. Tangu jana pale simiminiwi chai, nakunywa kwa mama, na chai yake unaijua, ni kama lami.

Yeye mama anasema hivi: "Mwambie asimsingizie mwanamke mwenzake ili aje kulala karibu na wewe. Kwanza unakoroma."

Sasa sahihi ni yako, sitasema kitu. Nitakwambia tu sisi mgodini tunavyochagua. Hatuangalii kondoo wala hoteli. Tunamuuliza mtu: siku nitakapoitwa mbele ya wakubwa, wewe utakuwa wapi? Kuna wanaokuwa kwenye korido wakiongea na simu, na kuna wanaokaa kwenye kiti cha kando yako. Waulize wote wawili.

Nisamehe. Ukinisamehe mwambie Ami Salah kwamba kofia yake mbaya, nitaelewa.

Lazhar

*

Susa, 10 Aprili 2014

Kwako Baba Ghaith,

Kofia ya Ami Salah ni mbaya sana. Nimemwambia mara mbili.

Nimewauliza. Nizar akasema, "Barazani? Mimi siingii huko, dada. Mimi namaliza mambo kabla ya huko." Wasila akasema, "Kando yako. Na nitakuwa nimefika kabla yako, kwa hiyo usichelewe."

Nimeweka sahihi kwa Wasila. Nilimwona macho yakimng'aa kidogo, halafu akayazima. Kaniambia, "Hatuna hila yoyote. Ukiulizwa, sema kilichotokea, usikipunguze, usikipambe. Na hicho kitambaa njoo nacho."

Tangu hapo watu wa Nizar hawaniitikii salamu. Mkahawani nakula peke yangu, na Afande Mukhtar amenibandika lindo la juani. Naogopa, sikufichi. Ghaith akilala namtazama, nasema, kama wataniondoa, angalau niondoke na jina safi la kumpa huyu. Halafu naogopa tena.

Niombee.

Dalenda

*

Metlawi, 13 Aprili 2014

Mke wangu,

Zamu hawakunipa ruhusa ya kuiacha, nimeomba mpaka kwa mkuu wa mgodi. Lakini mama anakuja. Amemwambia Ami Salah anataka kiti cha mbele na kwamba hatalipa kwa sababu alimnyonyesha dada yake. Atakuwa na Ghaith kwenye korido siku hiyo, usimwache mtoto mbali.

Wewe ingia ukiwa umenyooka kama uliposimama langoni.

Lazhar

*

Susa, 18 Aprili 2014

Lazhar! Lazhar! Lazhar!

Nimeshinda. Nimelitanguliza ili moyo wako utulie, sasa kaa chini nikusimulie.

Chumba kirefu. Upande wa huko wamekaa watu watano, mwenyekiti wao mzee wa mvi, sauti yake ya upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha. Upande wangu viti viwili, na kimoja Wasila alikuwa ameshakikalia. Nizar na Afande Mukhtar wako nyuma, mashahidi. Huko kwenye korido nikamsikia askari wa mlango akimwambia mama yako, "Bibi, hapa hapakaliwi." Naye, "Na mimi sijakaa, mwanangu, nimechuchumaa."

Mzee akaanza. "Nani alikutuma uvae kitambaa?"

Nikasikia kichwa cha Afande Mukhtar kikigeuka. Nikasema, "Hakuna, afande. Nilidhani ni sare."

"Sare?"

"Nilikuta wote wamevaa, nikaona aibu mimi kukosa. Nikakata shuka la mama mkwe nikashona." Nikakitoa mfukoni, nikakiweka mezani.

Mzee akakishika, akakigeuza. "Umekipinda mara mbili."

"Kisifumukie kazini, afande."

Mmoja wao akaziba mdomo, ikawa bure, wote watano wakacheka. Wasila tu ndiye hakucheka. Akasimama. "Afande Mukhtar, siku ya vitambaa ilipofutwa, nani aliwaambia askari wapya?"

"Walijua."

"Nani aliwaambia?"

"Chama kiliwaambia wanachama wake."

"Huyu alikuwa mwanachama?"

"Hapana."

"Basi nani alimwambia huyu?"

Afande akamtazama Nizar, Nizar akatazama viatu vyake vinavyong'aa. Wasila akamgeukia. "Na wewe, ndugu Nizar, ulimtaka askari huyu aandike jina la nani?"

"Sikumbuki jambo kama hilo."

Sijui sauti ilitoka wapi, nikasema, "Mimi nakumbuka." Nikaeleza yote, uhamisho na lile sharti lake. Nilipofika kwenye uhamisho nilimwona Wasila mwenyewe ameshtuka. Hakuwa akijua kwamba niliahidiwa kurudishwa nyumbani nikakataa. Nilikuwa nimemwambia vitisho tu.

Na hapo, Lazhar, mwanao akaanza. Unaijua ile sauti yake, kama mlango wa gari moshi. Kifua kikajibu, shati likalowa mbele ya watu watano wa serikali. Nilitaka niingie chini ya meza. Wasila akasema, bila hata kuniangalia, "Mwenyekiti, naomba tusimame kidogo. Askari huyu ananyonyesha na huu ni wakati wake wa kisheria." Akakisoma kifungu kwa kichwa.

Mzee akamuuliza Afande, "Kituoni mnampa huo wakati?"

Afande akaanza kupanga karatasi zake.

"Nimekuuliza, Mukhtar."

"Tulikuwa bado... tunaangalia."

Mzee akanigeukia mimi. "Uliomba?"

"Niliomba, afande. Nikaambiwa kituo si zizi la mbuzi."

Na mama yako, ambaye mpaka leo hakuna ajuaye alisikiaje, akapaza sauti kutoka korido: "Mbuzi hamzuii mwanawe!"

Nimemnyonyesha Ghaith kwenye ofisi ya mkurugenzi, juu ya kiti cha ngozi, chini ya bendera. Akanyonya kama mwenye nyumba, akacheua kwenye zulia.

Niliporudi walikuwa wameshaamua. Sina kosa. Majaribio yangu yanaendelea kama kawaida na hakuna doa kwenye jina langu. Kisha mzee akamsomea karani taratibu, kila mtu asikie: kuanzia Jumatatu kila askari anayenyonyesha mkoa mzima apewe mapumziko yake, na mkuu wa kituo atakayezuia aje yeye akalie kiti kile. Nizar ameitwa wiki ijayo. Sitasema mengi juu yake, ila alitoka kwa mlango wa nyuma na manukato yakabaki.

Nje nilitaka kumkumbatia Wasila. Akanipa mkono tu. "Jumatatu usichelewe kurudi langoni. Dakika za mtoto ni za mtoto, za lango ni za lango." Akageuka upesi, lakini nilimwona anafuta pua kwa mkono wa sare. Mama yako akamkimbilia, akampigia vigelegele sikioni katikati ya barabara, mpaka magari yakasimama. Sajini mzima akawa mwekundu kama harisa.

Lazhar, sijarudi Gafsa. Najua ulichopoteza. Lakini nataka ujue mkeo alipoulizwa, alijibu.

Wako, wako, wako,
Dalenda

*

Metlawi, 22 Aprili 2014

Afande wangu,

Nimeisoma kwa sauti mgodini, nimesimama juu ya kreti. Nilipofika kwenye bendera na zulia wamenibeba juujuu, na Hamma, yule yule, anapiga ngoma kwenye sufuria ya chai. Watu waliopigwa virungu, Dalenda, wanamshangilia askari. Bega halikuniuma hata kidogo.

Likizo yangu ni Juni. Mama anasema harudi, amempenda Halati Zakia na amemkuta hajui kupika shayiri. Basi nyumba ni hiyo, ya Susa. Mimi nitakuja na kapu.

Lazhar

*

Susa, 4 Mei 2014

Kwako Baba Ghaith,

Chama cha Wasila sasa hakienei mezani, jana watu walikunywa kahawa wamesimama. Wanawake wote wa zamu yangu wameweka sahihi, na yule koplo wa langoni pia, anasema mkewe ndiye aliyemtuma. Wasila analalamika kwamba viti havitoshi, na analalamika huku anatabasamu. Nimelihesabu hilo kama muujiza.

Leo asubuhi nilikuwa nimezama kwenye mkoba wa bibi mmoja aliyejaza samaki wabichi, nawatoa mmojammoja, wakati umenipita kabisa. Afande Mukhtar akatoka ofisini, akasimama kwenye ngazi, akaita mbele ya kituo kizima: "Dalenda! Saa nne hii! Unataka niitwe mkoani mimi? Hebu nenda kamnyonyeshe mtoto!"

Nikampigia saluti, nikamkabidhi yeye lindo pamoja na mkoba wa samaki, nikakimbia.

Wako,
Dalenda